Viti Vitupu vya Bristol, Umati wa Bowman Gray

Kati ya mwaka 1982 na 2010, mbio 55 za daraja la juu la NASCAR, shirika la mbio za magari ya stoki la Marekani, zilifanyika mfululizo katika uwanja wa Bristol, Tennessee, bila kubaki tiketi hata moja. Wenye tiketi za msimu waliwarithisha watoto wao, na aliyetaka kuingia kwenye orodha ya kusubiri alijua atasubiri miaka. Machi 2010 mfululizo huo ukakatika. Pengo la kwanza lilikuwa dogo, lakini mwaka hadi mwaka liliongezeka, na halikuwa la Bristol peke yake. Katika viwanja vikubwa vya Marekani majukwaa yalianza kufunikwa kwa mabango ya matangazo, kisha mengine yakang'olewa kabisa.

Ng'ambo ya milima ya Appalachia, katika mji wa Winston-Salem, North Carolina, upo uwanja wa manispaa uitwao Bowman Gray. Njia yake ya mbio ni robo maili tu, yaani mita 400, na inauzunguka uwanja wa mpira wa Kimarekani. Hakuna kiti cha kifahari hapo. Hata hivyo, karibu kila Jumamosi usiku wa majira ya joto maelfu ya watu huingia kutazama magari yakigongana kona kwa kona, kama walivyofanya tangu 1949.

Mchezo ni uleule na watu ni wa eneo lilelile la kusini. Kwa nini basi jukwaa moja lilipungukiwa na lingine halikupungukiwa? Swali hili limejadiliwa sana Marekani, na majibu mengi yanayotolewa yana ukweli nusu. Nimelifuatilia kwa sababu naupenda mchezo huu na naona kwamba wengi wanaoutangazia kifo wanautazama mahali pasipo penyewe.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Magari ya stoki ni yale yenye sura ya gari la kwenda kazini, lakini ndani yameundwa upya kwa ajili ya mashindano: fremu ya mabomba ya chuma, kiti kimoja, na injini yenye nguvu kupita kiasi. Hukimbia kwa kuzunguka, wala si kwa kwenda safari. Msomaji aliyezoea Safari Rally anajua adha ya kusimama porini nusu siku ili gari lipite mara moja na kumwachia vumbi. Katika uwanja wa nusu maili gari lilelile linakupita mara 200 usiku mmoja, na unaliona kutoka bendera ya kijani hadi ya mwisho bila kuinuka.

NASCAR iliundwa na Bill France na wenzake katika hoteli moja ya Daytona Beach, Florida, Desemba 1947, ikasajiliwa Februari mwaka uliofuata. Viwanja vya awali vilikuwa vidogo na vingi vilikuwa vya udongo. Miezi michache kabla ya kikao hicho, mtu aitwaye H. Clay Earles alifungua uwanja wa Martinsville, Virginia. Siku ya mbio za kwanza viti 750 tu ndivyo vilivyokuwa tayari, lakini waliolipa kiingilio walikuwa 6,013. Kwa hiyo mchezo ulianza ukiwa na watu wengi kuliko viti. Miaka sitini baadaye mambo yaligeuka, na aliyeyageuza si shabiki.

Februari 1979 mbio za Daytona 500 zilionyeshwa moja kwa moja, mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya taifa. Theluji ilikuwa imewafungia watu wengi majumbani upande wa mashariki, na mbio zikamalizika kwa magari mawili ya mbele kugongana katika mzunguko wa mwisho, kisha madereva wakashikana mashati uwanjani. Tangu hapo mchezo wa mikoani ukawa biashara ya taifa. Miaka ya 1990 fedha zilimiminika. Kampuni ya Speedway Motorsports ya Bruton Smith iliingia katika soko la hisa la New York mwaka 1995, na kampuni ikishaingia huko inadaiwa kukua kila robo mwaka. Smith aliinunua Bristol mwaka 1996 kwa dola milioni 26, wakati huo ikiwa na viti 71,000. Ndani ya miaka michache viti vilikuwa takriban 160,000. Hiyo ni njia ya mbio ya maili 0.533, katika mji ambao ukijumlisha upande wa Tennessee na upande wa Virginia haufikishi wakazi 50,000.

Basi tunapoambiwa kwamba Bristol ilikuwa nusu tupu, tukumbuke nusu ya nini. Nusu ya 160,000 ni watu 80,000, ambao wangejaza karibu uwanja wowote wa soka duniani.

Hesabu zenyewe nazo zinahitaji uangalifu. Kwa miaka mingi taarifa rasmi za mbio zilitaja makadirio ya watazamaji, na makadirio hayo yalikuwa ya ukarimu mwingi. Kuanzia msimu wa 2013 NASCAR iliacha kuyatoa. Ushahidi mzuri zaidi ulibaki kwenye vitabu vya kampuni zenye hisa sokoni, kwa sababu mbele ya wanahisa huwezi kukadiria mapato ya tiketi kwa macho. Mapato ya tiketi ya International Speedway Corporation, kampuni ya ukoo wa France iliyomiliki Daytona na Talladega, yalishuka kwa karibu nusu katika miaka kumi iliyofuata 2007. Mwaka 2019 kampuni zote mbili kubwa ziliondolewa sokoni na kuwa mali binafsi, na dirisha hilo nalo likafungwa. Kwa hiyo leo tunaposikia kwamba tiketi zimekwisha mahali fulani, swali la kwanza liwe: zilikuwa ngapi? Daytona ilipomaliza ukarabati wake wa dola milioni 400 mwaka 2016, viti vilikuwa vimepunguzwa kutoka zaidi ya 140,000 hadi 101,500. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana jukwaa lililopunguzwa na kujaa lina uhai kuliko kubwa lenye mapengo. Lakini kujaa huko kusihesabiwe kuwa ongezeko.

Sababu zinazotajwa kila mara zinajulikana. Msukosuko wa uchumi wa 2008 uliwapiga hasa watu wa mshahara wa kati, ambao ndio mashabiki wenyewe. Petroli ilipanda. Hoteli za jirani zilipandisha bei wiki ya mbio na kumlazimisha mgeni alipie usiku kadhaa hata akitaka mmoja. Televisheni za sebuleni zikawa kubwa na safi. Dale Earnhardt, aliyependwa kuliko wote, alifariki katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500 ya 2001, na wapo waliofunga ukurasa siku ile. Mfumo wa kumpata bingwa ulibadilishwa mwaka 2004 na kuendelea kubadilishwa. Yote haya yana sehemu yake.

Ila kuna ushahidi wa Bristol yenyewe unaonizuia kuridhika nayo. Septemba 2016 waliweka nyasi bandia katikati ya uwanja ule na kuchezesha mpira wa Kimarekani kati ya Chuo Kikuu cha Tennessee na Virginia Tech. Watazamaji walikuwa 156,990. Agosti 2025 wakachezesha besiboli ya ligi kuu, na waliohesabiwa walikuwa 91,032. Barabara ni zilezile, hoteli ni zilezile zenye bei ileile ya kuumiza, viti ni vilevile vya chuma. Watu walikuja kwa sababu waliamini hawataona tena kitu kile maishani.

Hapo ndipo ninapoona jibu. Mtu husafiri mbali na kulipa sana kwa jambo analodhani ni la mara moja, na hutoka nyumbani bila kujiuliza sana kwa jambo lililo karibu, la bei nafuu na lililo lake. Kilichoumia ni cha katikati: kitu kinachogharimu kama cha mara moja maishani, kumbe hurudi kila mwaka, na Bristol mara mbili kwa mwaka. Kwa muda, utajiri wa miaka ya 1990 uliwawezesha watu kugharamia hicho cha katikati. Utajiri ulipopungua, walichagua.

Na waliochagua kuondoka walikuwa wamepewa sababu. Chukua njia yenyewe ya mbio. Bristol ya zamani ilikuwa na njia moja tu nzuri, ile ya chini. Aliyetaka kumpita mwenzake alimgusa kwa bampa ya mbele ili ateleze kidogo, kisha akapita ndani. Ndiyo maana watu walikwenda: kila kupita kulikuwa kesi kati ya watu wawili, na kesi nyingine zilimalizwa baada ya mbio kwa kofia ya helmeti kurushwa. Mwaka 2007 njia ilimwagwa zege upya na kona zikapewa mwinuko unaoongezeka kuelekea juu, ili magari yaweze kukimbia bega kwa bega. Kihandisi lilikuwa jambo zuri na madereva wengi walilisifu. Mashabiki walilichukia, kwa kuwa aliyekuwa nyuma hakuhitaji tena kumgusa mtu. Baada ya jukwaa kupwaya sana Machi 2012, Smith aliwauliza mashabiki wanataka nini, kisha akaamuru sehemu ya juu ya kona isagwe. Uwanja mkubwa ukalazimika kutafuta tena ugomvi ambao uwanja mdogo haukuwahi kuupoteza.

Kisha kuna suala la kuhamisha mbio. North Wilkesboro, uwanja wa maili 0.625 katika wilaya ya milimani iliyowalea wasafirishaji wa gongo kama Junior Johnson, uliendesha mbio zake za mwisho za daraja la juu Septemba 1996. Tarehe zake mbili zilinunuliwa, moja ikaenda New Hampshire na nyingine Texas. Rockingham ilipoteza yake ya mwisho mwaka 2004. Mwaka huohuo mbio za wikiendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi, zilizokuwa za Darlington, South Carolina, kwa zaidi ya nusu karne, zilipelekwa Fontana, California, kwenye uwanja wa maili mbili karibu na mamilioni ya wakazi wa Los Angeles. Kwenye makaratasi hesabu ilikuwa nzuri. Mamilioni wale hawakuja. Mwaka 2011 Fontana ilinyang'anywa mojawapo ya mbio zake mbili, na mwaka 2015 Darlington ikarudishiwa wikiendi yake. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ushabiki unatokana na wingi wa watu walio karibu na lango, wakati kusini ulitokana na vizazi vya watu waliomjua dereva, fundi wake na gereji yake.

Ujuano huo ndio mtaji wa kiwanja kidogo. Bowman Gray ulijengwa miaka ya 1930 katika miradi ya serikali ya kuwapa watu kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Bill France na mshirika wake Alvin Hawkins walianza mbio za kila wiki hapo mwaka 1949, na ukoo wa Hawkins ukaziendesha kwa miongo mingi. Mzunguko mmoja huchukua chini ya sekunde 15. Njia ni tambarare na nyembamba, haina mahali pa kukimbilia, kwa hiyo anayetaka kupita lazima asukume, na aliyesukumwa atakumbuka. Magari makuu ya hapo, yale yenye matairi mapana yaliyo wazi nje ya bodi, yakigusana tairi kwa tairi mojawapo hupanda juu. Mashabiki wana pande zao. Kwa miaka mingi Tim Brown na Burt Myers wamegawana uwanja ule, mmoja akishangiliwa na upande huu mwingine anazomewa na upande ule, na Jumamosi inayofuata wanarudi wote kumalizia walichokianza. Brown ameshinda zaidi ya mara mia hapo. Siku za kazi ni fundi katika karakana ya timu ya NASCAR.

Hiyo ya mwisho iangaliwe vizuri. Dereva wa daraja la juu anaishi kwenye jumba la kando ya ziwa na huja uwanjani kwa ndege. Dereva wa Jumamosi usiku ndiye aliyekubadilishia breki Jumanne. Mwanawe anasoma darasa moja na mwanao. Akishinda, utamkuta kazini Jumatatu. Akimgonga mtu kwa makusudi, utamkuta pia, na utamuuliza. Mbio zikimalizika, viwanja vingi hufungua geti na watoto hushuka kuyagusa magari yangali moto, wakapewa sahihi na mtu mwenye grisi hadi viwikoni. Kiingilio cha usiku wa kawaida ni dola 15 hadi 20, na watoto wadogo mara nyingi huingia bure. Familia ya watu wanne inarudi nyumbani usiku uleule bila kulipa hoteli.

Viwanja vya udongo vina ladha yake, na Marekani ni vingi kuliko vya lami. Asubuhi ya siku ya mbio lori la maji huzunguka likiunywesha udongo mfinyanzi. Mchana udongo hukwanguliwa na kusawazishwa. Jioni magari hutumwa kuzunguka polepole kuushindilia. Katika mbio za awali udongo ungali na unyevu, tairi linashika, na magari yanapanda hadi karibu na ukuta wa nje huku matope yakiruka juu ya uzio. Kufikia fainali uso umekauka, umekuwa mweusi na unang'aa kwa mpira wa matairi, na sasa gari linaingia konani likiwa limegeuka ubavu, dereva akikata usukani kulia ili aende kushoto, akitafuta ukanda mwembamba wa unyevu uliosalia. Mashabiki wazoefu huangalia rangi ya udongo kabla ya kuangalia magari. Wanajua kwamba aliyeshinda saa moja jioni kwa tairi laini huenda akaumbuka saa nne.

Eldora, karibu na kijiji kidogo cha Rossburg, Ohio, ni ushahidi wa nguvu hiyo. Earl Baltes aliufungua uwanja huo mwaka 1954. Mwaka 2004 aliuuza kwa Tony Stewart, bingwa wa NASCAR ambaye hakutaka uende mikononi mwa mtu asiyeujali. Mbio zake za World 100, zilizoanza 1971, hujaza mashamba ya jirani kwa mahema na magari ya kulala kila Septemba. Watu hao nao husafiri mbali. Lakini wengi wao wana uwanja wao wa nyumbani wa kila wiki, na huja Eldora kuona kama kijana wao ataweza kushindana na wakubwa. Kikubwa kinasimama juu ya vidogo vingi.

Sitaki kuvipamba viwanja hivi kupita ukweli. Ujuano una upande wa pili, nao ni kuamua nani hajulikani. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio katika mji wa Danville, Virginia, waliona wakipata dereva mweusi watazamaji weusi watanunua tiketi. Walimpata Wendell Scott, dereva wa teksi na fundi aliyewahi kusafirisha pombe ya magendo usiku. Scott alipenda mashindano kwa dhati, lakini alipopeleka gari lake kwenye mbio za NASCAR katika mji uleule wa Winston-Salem, alizuiwa kushindana. Hakuacha. Tarehe 1 Desemba 1963 alishinda mbio za daraja la juu huko Jacksonville, Florida, kwenye uwanja wa udongo wa nusu maili, akiwa mbele kwa mizunguko miwili, na bendera ya ushindi akapewa mwingine. Waamuzi walikiri ukweli saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wameshaondoka. Familia yake ilikabidhiwa kombe mwaka 2021, yeye akiwa ameshafariki miaka mingi. Wiki chache baada ya hapo, Oktoba 2021, Bubba Wallace akawa dereva mweusi wa pili kushinda katika daraja hilo.

Bendera za majeshi ya watetezi wa utumwa zilipigwa marufuku kwenye mbio za NASCAR Juni 2020 tu. Anayehesabu viti vitupu lazima awahesabu pia watu ambao kwa miaka sabini hawakuhisi kwamba wanakaribishwa, hasa katika miji ya kusini ambako watu weusi ni sehemu kubwa ya wakazi. Bowman Gray wenyewe, msimu wa mbio ukiisha, ni uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Winston-Salem State, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi. Jukwaa moja, umati wa aina mbili. Mwandaaji atakayefanikiwa kukutanisha umati huo wa aina mbili Jumamosi usiku atakuwa amefanya zaidi ya kampeni zote za matangazo.

Sasa turudi kwenye fedha, maana pendo peke yake haliwashi taa za uwanja. Watu wa nje wakihesabu mapato ya kiwanja kidogo huangalia jukwaa. Mwenye kiwanja huangalia pia lango la nyuma, wanakoingia madereva na mafundi, ambao nao hulipa, tena mara nyingi zaidi ya mtazamaji. Chukua mfano: magari 80 ya madaraja yote, kila moja na watu watano, kila mtu dola 40, ni dola 16,000. Watazamaji 1,000 kwa dola 15 ni dola 15,000. Kiwanja kinaweza kuwa na umati wa kutosha kikafa kwa kukosa madereva, kwa sababu gari limekuwa ghali. Ndiyo sababu viwanja vingi vimekubali injini za General Motors zinazotoka kiwandani zimefungwa kwa lakiri, ili mwenye pesa asizifungue na kuzikoroga. Ndiyo sababu pia yapo madaraja ya magari madogo ya silinda nne, ambapo kijana hununua moja kuukuu, hulitoa vioo, hulifungia vyuma vya kumlinda na kuingia mbioni. Kwa maoni yangu hilo daraja la chini, linalochekwa na wajuaji, ndilo muhimu kuliko yote. Pasipo hilo hakuna dereva wa miaka kumi ijayo, wala mama yake, mjomba wake na majirani zake jukwaani.

Mvua ni adui wa pili. Msimu una Jumamosi ishirini na kitu. Zikinyeshewa nne mfululizo mwezi wa Mei, faida ya mwaka imekwenda.

Adui wa tatu ndiye mkubwa: ardhi. Uwanja uliojengwa shambani mwaka 1950 leo umezungukwa na nyumba, na wakazi wapya wanaolalamikia kelele walihamia baada yake. Mwenye uwanja amezeeka, watoto hawautaki, na mjenzi amekuja na hundi. Irwindale, karibu na Los Angeles, uliendesha mbio zake za mwisho Desemba 2024, ardhi ikiwa inatakiwa kwa majengo ya viwanda na biashara. Nashville hali ni tofauti kwa sababu viwanja vya maonyesho vyenye njia ya mbio ni mali ya umma. Mwaka 2011 wapiga kura zaidi ya saba katika kumi walikubali vilindwe kisheria, pamoja na mbio zake. Mabishano ya kelele na matumizi yameendelea hadi leo, lakini mbio bado zipo. Winston-Salem nako manispaa ndiyo mmiliki. Sioni kuwa ni bahati kwamba viwanja hivi viwili vikongwe vinavyodumu ni vile ambavyo mtu mmoja hawezi kuviuza.

Wakubwa wa NASCAR wameyaona haya. Mwaka 2022 walijenga njia ya muda ya robo maili ndani ya uwanja wa Coliseum, Los Angeles, na mwaka 2023 wakakimbiza magari katika mitaa ya Chicago. Yote mawili yalivuta watu wapya, na yote mawili yalidumu misimu mitatu tu mahali pale, kwa sababu jambo la mara moja halibaki la mara moja ukilirudia. Kurudi North Wilkesboro kuna mizizi zaidi. Dale Earnhardt mdogo, mwana wa yule aliyefariki Daytona, na watu wa kujitolea waliufyeka magugu uwanja huo mwaka 2019, jimbo likatoa dola milioni 18 za fedha za uokoaji wa uchumi, na Agosti 2022 yeye mwenyewe alikimbia hapo kwenye mbio za kawaida za mkoa mbele ya umati uliofurika. Mwaka uliofuata mbio za nyota za NASCAR zikafuata. Kisha Februari 2025 msimu ulifunguliwa Bowman Gray, na Tim Brown na Burt Myers wakapewa magari wajaribu bahati yao kati ya mabingwa. Mashabiki wa pale waliwashangilia hao wawili kwa nguvu zao zote.

Kikwazo kilichobaki ni gari lenyewe. Gari jipya la 2022 lina matairi mapana na breki kubwa, na kwenye viwanja vifupi limefanya kupita kuwe kugumu mno. Wakuu wameamua kuliongezea nguvu ya injini kuanzia 2026. Nina shaka kama hilo litatosha. Shabiki wa Martinsville hataki hesabu ya nguvu za farasi, anataka kuona dereva akikosea kwa kuwa gari limemshinda.

Intaneti nayo inaweza kujenga au kubomoa. Leo FloRacing na DirtVision huonyesha mamia ya mbio ambazo zamani zilionwa na waliokuwapo tu. Wapo waandaaji wanaoogopa kwamba mtu atabaki sebuleni. Hofu hiyo ina msingi usiku wa mawingu, lakini aliyeko mbali na akamfahamu dereva wa kijiji cha Iowa kupitia simu yake ndiye atakayefunga safari kwenda kumwona. Kiwanja kijilinde kwa kufanya usiku wa pale kuwa mwepesi: mbio zianze saa iliyotangazwa, zisiburuzwe hadi saa sita kwa sababu ya kusafisha uwanja kila gari likizunguka, na vyoo viwe safi. Mtoto aliyelala begani kabla ya fainali hamwombi babake warudi wiki ijayo.

Wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani wako karibu na jambo hili kuliko wanavyodhani. Jumuiya za Wakongomani na Warundi zimekua Greensboro, ambako Bowman Gray ni mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, na Des Moines, ambako chini ya saa moja kuna Knoxville, Iowa, mji wa watu wasiofika 8,000 wenye jukwaa la viti zaidi ya 20,000 na mbio za udongo Jumamosi usiku. Wengi wenu mna ndugu mafundi wa magari. Nendeni nao. Chukueni vya kuziba masikio ya watoto, kaeni juu, upande ambao upepo hauleti vumbi, na kabla ya fainali muulizeni jirani yenu wa kitini anamshangilia nani na kwa nini; atawaeleza mpaka taa zizimwe.